Kosa la Eliaichi

Jumatatu ya kwanza ya Novemba 1976, Eliaichi aliteremka kutoka Old Moshi na fomu ya Chuo Kikuu, kaifunga ndani ya gazeti isilowe. Alishatimiza kwenye ghala la kahawa ile miaka miwili ya kazi iliyotakiwa kabla ya Chuo, na mkuu wake alishatia sahihi. Ilibaki sahihi ya tawi la chama tu, ya kumpendekeza. Nafasi za udaktari zilikuwa chache, waliowahi ndio waliotazamwa kwanza, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Januari.

Katibu wa tawi, Mzee Wenseslaus, aliitikia shikamoo yake vizuri tu, akaigeuza fomu mbele na nyuma.

"Mapema mno, mwanangu. Kamati itaniuliza, huyu anakimbilia nini? Njoo wiki ijayo."

Akaja wiki ijayo. Akaja na iliyofuata. Mara ya nne mama yake, Yuditha, alichoka kumwona anapanda mlima na fomu ile ile.

"Utakuwa umemkosea bila kujua," alisema. "Mpelekee isale."

Uchagani, ukiletewa jani la isale na mtu anayeomba radhi, huna ujanja: unasamehe, upende usipende. Yuditha alichuma moja mpakani mwa kihamba chao, shamba la migomba la ukoo, akalipiga fundo, akalibana kwenye fomu. Asiyeweza kukataa, alijiambia, atatia sahihi.

Mzee Wenseslaus alisimama kulipokea kwa mikono miwili. "Nimekusamehe," alisema, machozi yakimlengalenga. Kisha akaandika kwenye jalada: Amesamehewa, akalifungia kabatini pamoja na jani lake.

Kamati ikauliza, kosa gani?

Kufikia Krismasi isale lilikuwa limetoa mizizi kabatini. Kila kikao kilipoahirishwa, lilirefuka futi moja. Januari lilitoboa dari, na shina likawa limelimeza jalada lote, ukabaki ukingo tu. Karani aliripoti kwamba kabati halifungi. Mjumbe mmoja alizoea kutundika koti lake hapo. Kulikata, thubutu! Isale halikatwi ovyo. Kazi ya kulimwagilia alipewa Eliaichi, maana ndiye aliyelileta.

"Mzee, mimi sina kosa."

"Sasa uliomba radhi ya nini? Na mimi nilisamehe hewa? Andika lolote, mwanangu, jalada lisiwe na pengo."

Eliaichi alikataa wiki tatu nzima. Tarehe thelathini Januari, siku moja kabla ya mwisho, alichukua kalamu akaandika: Niliomba mapema.

Mzee Wenseslaus alifurahi kweli, akampa mkono. Akaichomeka karatasi kwenye ufa wa shina, ufa ukajifunga. Kamati ilikaa mchana ule ule, na kwa mara ya kwanza wajumbe wote walihudhuria.

Jibu lilikuwa nusu karatasi, limepigwa taipu. Kamati imeridhika kwamba ndugu Eliaichi alifanya kosa, na kwamba amesamehewa kabisa. Hata hivyo, mwenye kosa hapendekezwi. Aombe tena mwakani, na asichelewe.

Eliaichi alilia pale pale, kwa sauti, kama mtoto. Mzee Wenseslaus naye aliumia moyo. Akamsogezea kiti kivulini mwa isale.