Kushoto kwa Nani?

Mimi sina subira, na sijawahi kudai kwamba ninayo. Kwa hiyo Mzee Salumu aliposimama katikati ya mchezo, akakung'uta kanzu yake na kusema kompyuta yangu ni mwizi, nusura nimjibu maneno ambayo mtu hamwambii mkubwa wake.

"Nimebonyeza kushoto, kete zimeanzia kulia!" alifoka. "Shemeji, mwambie huyu binti yako bao si kiinimacho."

"Kama hujui kufungwa, sema hujui kufungwa," shangazi Mwahija akamjibu. Alitania, lakini niliona uso umembadilika.

Shangazi yangu ni mcheza bao. Sisemi kwamba anajua bao. Hapa Kivinje wanaojua ni wengi. Nasema wanaume walikuwa wakipita mtaa wa pili ili asiwaite kwenye mkeka. Kisha akaugua, mikono ikaanza kutetemeka, kete zikawa zinamponyoka na kubiringika sakafuni. Mzee Salumu, mdogo wa marehemu mumewe na mtani wake wa miaka yote, akawa anamtilia kete yeye mwenyewe. Na kwa huruma akawa anamwachia ashinde. Siku shangazi alipogundua, alilisukuma bao uvunguni, akasema hachezi tena. Kutiliwa kete aliweza kuvumilia, kuhurumiwa hapana.

Ndipo nikamtengenezea bao la kwenye kompyuta. Namba za kibodi huchagua shimo, mishale miwili huchagua uanzie upande gani kutia kete. Kidole kimoja kinatosha, hata kikitetemeka. Nikaliunganisha na televisheni yake, na shangazi akakubali kujaribu. Sasa mchezo wa kwanza tu, mwenzake kasimama.

"Zuwena, iondoe hiyo mashine," shangazi aliniambia kwa sauti ndogo. "Sitaki watu waseme Mwahija anabebwa. Nilikuwa nabebwa na huruma, leo nibebwe na umeme?"

Roho iliniuma. Kesho yake Mzee Salumu alikuwa anakwenda Kilangala kwenye korosho zake, na akiondoka na neno hilo mdomoni, shangazi asingegusa bao tena maisha yake.

"Mzee, nipe muda mpaka alasiri," nilimwomba.

"Wa nini? Wa kuifundisha kuiba vizuri zaidi?" Akavaa makubadhi, akaenda zake.

Nikacheza peke yangu, pande zote mbili. Kila kitu sawa. Nikarudia, sawa tena, hasira zikanipanda. Nikainuka kwenda kunywa maji, na kutoka mlangoni nikautazama mkeka. Kibodi ilikuwa pale pale walipoiacha, katikati.

Nikajipiga kofi la paji la uso. Wacheza bao hukaa uso kwa uso! Mimi nilikaa upande mmoja kama mtu anayechapa barua, wao wangekaaje bega kwa bega kama abiria? Waliiweka kibodi katikati kama wanavyoliweka bao siku zote. Kwa shangazi ilikaa sawa. Kwa Mzee Salumu ilikuwa kichwa chini miguu juu, na mshale wa kushoto ulikuwa kwenye mkono wake wa kulia.

Rahisi, nikasema. Nikaigeuza mishale kila ikifika zamu ya Mzee Salumu. Kutia kete kukakaa sawa, kula kete za mwenzako kukaharibika. Nikarekebisha kula, takata, yaani kutia bila kula, ikaenda kombo. Nikarekebisha takata, kutia kete kukarudi kule kule. Nilitamani kuitupa kompyuta baharini.

Hatimaye nikauona ubaya wenyewe. Kilichotoka kwenye kibodi kilikuwa neno tupu, kushoto, na neno hilo lilizurura ndani ya programu nzima bila yeyote kuliuliza: kushoto kwa nani? Kwa kibodi, au kwa mtu aliyekaa? Sehemu moja ililigeuza, nyingine ikaligeuza tena.

Lugha niliyoandikia programu hukubali uitangazie kila kitu ni cha aina gani, kisha hukataa katakata ukichanganya, kama mama asiyetaka kisu cha samaki kiguse mkate. Nikatangaza aina mbili. Moja ni mshale wa kibodi, nao ni huu au ule, hakuna mwingine. Nyingine ni mkono wa mchezaji. Kutoka kwenye mshale kwenda kwenye mkono nikaacha mlango mmoja tu, na mlangoni lazima useme umekaa upande gani wa mkeka.

Nikahifadhi. Mistari myekundu ikamwagika skrini nzima! Wallahi nilipiga ukelele, shangazi akatoka jikoni mbio.

"Imeharibika?"

"Imekataa, shangazi! Imenionyesha kila mahali nilipochanganya!"

"Na kukataliwa kunakufurahisha hivyo?"

"Mno!"

Nikaishughulikia mistari mmoja mmoja, mpaka wekundu wote ukaisha.

Alasiri Mzee Salumu alirudi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akaketi mkabala na shangazi. Akabonyeza upande wa kushoto kwake. Kete zikaanzia kushoto kwake. Akabonyeza kulia, zikaanzia kulia. Alikuwa amekuja kumkamata mwizi, kwa hiyo akacheza kwa ghadhabu, na shangazi akamjibu vivyo hivyo, kidole kikitetemeka juu ya kibodi kisha kikitua panapotakiwa. Akamla shemeji yake nyumba nzima, lile shimo lenye kete nyingi kuliko mengine yote. Mzee Salumu akauma midomo, akafikiri, akabonyeza. Akala, akatia, akala tena, akatia, akala tena, na mstari wa mbele wa shangazi ukabaki mtupu.

Shangazi alikuwa amefungwa.

Mzee Salumu aliitazama televisheni, kisha akaitazama mikono ya shangazi, na ghadhabu yote ikamtoka usoni.

"Shemeji, niwie radhi. Nilisahau."

"Ulisahau nini?"

"Kwamba unaumwa."

Shangazi akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia. "Kanifunga!" alilia na kucheka pamoja. "Zuwena, umeona? Kanifunga bila huruma!" Akajifuta machozi kwa kiganja, akaivuta kibodi karibu yake. "Na wewe Salumu, endelea kusahau hivyo hivyo. Zuwena mwanangu, panga kete."