Kavera ya Mwisho ya Ajiko

Afisa Brigid alikuwa amefika tumboni. Katika chumba cha kupekulia wanawake, mpakani Malaba, alikuwa akimvua Ajiko kavera moja baada ya nyingine, ile mifuko ya nailoni iliyopigwa marufuku Kenya, ambayo Ajiko huizungusha mwilini chini ya gauni na kuwavushia wauza nyanya wa Amagoro. Rundo lilikuwa limefika magotini. Kisha kucha ya Brigid ikatafuta ukingo wa kavera iliyofuata, ikaukosa.

"Hii imeshikana."

"Hiyo ni mimi, afande," Ajiko alijibu.

Brigid aliinama. Tumboni aliuona muhogo wa asubuhi, na juu yake moyo ukipiga polepole. Alinawa mikono, akaenda kumwita mkubwa wake, Echodu.

Echodu alimgusa Ajiko begani kwa kalamu. Bega likachakarika kama nailoni.

"Dada, umevaa hizi vitu tangu lini?"

"Tangu mzikataze."

"Sheria inasema nailoni haiingii. Haisemi kama iko na mtu ndani."

"Boss, mtoto wangu yuko ng'ambo ya geti. Hajanyonya."

"Naona," alisema Echodu, kwa sababu maziwa yalionekana yamejaa.

Nje lilipita lori la biskuti, kila pakiti ndani ya nailoni yake.

"Na hizo?" Brigid aliuliza.

"Zimefungwa kiwandani. Zinaruhusiwa." Echodu alimgeukia Ajiko. "Wewe uko na lebo ya kiwanda?"

"Niko na kitambulisho."

"Hiyo ni ya watu."

Jioni Amuge, mama yake Ajiko, alimleta mtoto. Maziwa hayakuwa na katazo, kwa hiyo mtoto alinyonya kati ya vyuma vya geti huku Ajiko akiyatazama yakishuka.

"Afadhali," Amuge alisema. "Sasa ukinidanganya umekula, nitajionea."

Mtoto aliposhiba, Amuge alimfunga mgongoni, akaondoka naye. Ajiko akarudishwa chumbani.

Brigid aliendelea kutafuta ukingo. Alimaliza mgongo, akamaliza mapaja. Saa ya kufunga ilipofika, alichora alama ya chaki kwenye goti la kushoto, mahali alipoishia, akamfunika Ajiko kwa gunia la mkonge, ambalo sheria inalikubali.

"Miguu tutaendelea kesho, dada."

"Sawa, afande."

Ajiko alijilaza ubavu, akalitenga lile goti na gunia, chaki isije ikafutika.