Mfano wa Neno Drizzle

Mtunzi wa kamusi za Kiingereza za wanafunzi alikuwa na tabia moja iliyomkera mkewe kuliko kukoroma kwake: kila lililosemwa nyumbani lilikuwa hatarini kuishia kitabuni. Mkewe akilalamika kwamba supu imezidi chumvi, wiki inayofuata supu hiyo iko kwenye herufi ya S, wanafunzi wanaisoma.

"Siku moja utatuvua nguo hadharani," mkewe alimwonya.

Yeye akacheka tu. Bosi wake hakutaka mifano ya kubuni, alitaka maneno ya watu hai, na watu hai waliokuwa karibu ni hao wa nyumbani kwake.

Ndivyo alivyofika kwenye neno drizzle. Maana haikumsumbua. Aliandika kwamba ni mvua ya manyunyu, matone membamba yasiyo na haraka, mvua ambayo mtu huenda nayo dukani na kurudi bila kukimbia. Ile ya kukufanya ujibanze kibarazani kwa watu ina jina lake jingine. Kilichomshinda ni mfano. Mpiga chapa alikuwa anasubiri kurasa, mtunzi kakabwa koo, na mkono ukaandika wenyewe: "It was only a drizzle, but her mother did not come to the wedding." Yalikuwa manyunyu tu, lakini mama yake hakuja harusini.

Sasa, sentensi hiyo haikuwa ya kubuni hata chembe. Miaka tisa nyuma, siku aliyooa, mama mkwe wake aliyekaa mtaa wa pili tu kutoka ukumbini hakuonekana. Kesho yake akasema mvua kubwa ilimzuia. Watu wazima wakatikisa vichwa, pole Mama, mvua haina adabu, ilhali kila mmoja wao alipita kwenye manyunyu yaleyale na nguo zikamkaukia mwilini kabla ya chakula. Tangu hapo Mama alikuja kuwatembelea, akabeba wajukuu, akasifu mapazia, lakini habari ya harusi haikuguswa na mtu. Mkewe aliimeza, na mumewe alijua kwamba haikuwahi kushuka.

Na jambo lingeishia hapo, kama Mama asingestaafu kazi ya kushona sare na kujiandikisha darasa la Kiingereza la watu wazima. Huko wakampa kitabu. Cha nani? Msiniulize, mmeshajua.

"Mama anakuja saa kumi," mkewe alimpigia simu ofisini. "Anasema amefika herufi ya D na ana swali kwako."

Alifungua kitabu akiomba kumbukumbu iwe imemdanganya, lakini sentensi ilikuwepo, nyeusi, imenyooka. Alifikiria kusingizia kazi nyingi. Hakujihurumia yeye, kilichomkata maini ni mkewe, ambaye angefukuliwa kidonda chake cha miaka tisa na mume wake mwenyewe, tena kwa Kiingereza. Akapiga moyo konde, akaenda nyumbani.

Alimkuta Mama kwenye kochi, kitabu mapajani, kipande cha uzi mwekundu kimewekwa kwenye ukurasa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Kaa."

Hakukaa. Alibaki amesimama mlangoni.

"Huyu mama wa kwenye drizzle," Mama akasema, "ni mama gani?"

"Ni mfano tu, Mama, mifano huwa..."

"Usinifanye mtoto. Hata ile supu ya chumvi najua imetoka jiko gani."

Mkewe aliyekuwa anaingia na chai akaweka sinia chini, akachukua kitabu, akasoma. Akasoma tena.

"Nimekosa," mtunzi akasema. "Nimewakosea wote wawili. Toleo lijalo nitaifuta."

"Uifute kwa nini? Ina uongo?" Mama alimgeukia binti yake. "Yalikuwa manyunyu, mwanangu. Nilivaa gauni, nikavaa na viatu. Nikakaa kitandani mpaka nikasikia vigelegele vyenu. Nilishawatangazia dada zangu kwamba sitamkubali mwanamume anayeishi kwa kuokota maneno, nikaona nikija watanicheka. Kiburi tu. Mvua nikaisingizia."

Alifuta pua kwa ncha ya khanga.

"Miaka yote hii natafuta pa kuanzia. Juzi mwalimu kanisimamisha niisome kwa sauti, nikasoma, sauti ikakatika katikati. Darasa zima likadhani Kiingereza kimenishinda. Nisamehe, mwanangu."

Binti alikaa karibu naye. "Nilijua, Mama. Nywele zangu zenyewe hazikulowa siku ile. Nilikuwa nasubiri uniambie wewe."

Mtunzi alitamani kucheka, akaona bado mapema.

"Nionyeshe picha," Mama akasema. "Sijawahi kuziomba."

Mkewe akaenda kuzitoa chini kabisa ya kabati. Mama alizifunua taratibu, akisifu huyu, akimponda yule kwa suti yake, mpaka akafika kwenye picha ya ukumbi. Safu ya mbele yote ilikuwa imejaa watu, isipokuwa kiti kimoja chenye mkoba mdogo mweupe.

"Kiti cha nani hiki?"

"Chako. Niliweka mkoba wangu wasikikalie. Shangazi alikijaribu mara mbili, nikamfukuza."

"Ukakishikilia mpaka saa ngapi?"

"Mpaka wenye viti walipokuja kuvichukua."

Mama akafunika picha kwa kiganja, akalia, na katikati ya kilio kicheko kikamponyoka, cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alipoinua macho akamwona mkwewe bado kasimama mlangoni.

"Na wewe umekuwa mlinzi?" akasema, akisogea kumpa nafasi kwenye kochi. "Njoo ukae hapa, mwanangu, unieleze hawa wengine ni akina nani."