Sekunde Nne Alizozikata

"Mama yako ameshaiona hii?" aliuliza mwalimu msimamizi, na kabla binti hajajibu simu ya mezani ikaita, mwalimu akainyanyua, akazungusha kiti akampa mgongo, swali likabaki halina mwenyewe, na ni swali gani hilo, kwa nini hilo na kwa nini leo, miezi saba anamletea filamu kipande kwa kipande na hajawahi kuuliza mama kaona au hakuona, aliuliza mwanga, aliuliza sauti, aliuliza "hoja yako ni ipi, binti, maana mimi naona picha tu, hoja siioni," na leo, siku ya mwisho ya kupeleka miradi ya shahada ya daraja la heshima, saa nne asubuhi, fomu ya kuidhinisha iko mbele yake na kalamu imeshafunguliwa kifuniko, ndiyo anamkumbuka mama wa watu... hapana, huyu kuna kitu anakijua. Atakuwa amefungua ile folda ya picha mbichi, zile ambazo hazijahaririwa. Diski imelala kwake tangu Jumatatu, "niachie niitazame kwa utulivu," alisema, utulivu gani wa siku tatu kwa filamu ya dakika arobaini, mtu anatazama mara moja, akipenda mara mbili, siku ya tatu anatafuta nini, na si yeye huyu ambaye mwaka jana kijana mmoja wa filamu za mazishi alimpelekea wazo lake akaja kulikuta limekuwa hotuba ya mwalimu kwenye kongamano huko ng'ambo, na jina la kijana mwishoni kabisa, kwa herufi za kuchungulia? "Ipo, nimeiona kwa macho yangu," mwalimu anaiambia simu, taratibu, kama mtu anayeficha, "iko pale pale, sasa usiiguse mpaka nifike..." Ipo nini? Asiguse nani? Binti akajisogeza mbele kwenye kiti, kiti kikalia, akatulia.

Kwenye skrini mama amegandishwa dakika ya thelathini na moja, mdomo nusu wazi, jicho moja limeanza kufumba, mama anayechukia kupigwa picha akiwa anaongea. Huyo ndiye mradi wenyewe, mama, miaka kumi na tisa mkataji katika ofisi ya ukaguzi wa filamu, chumba kisicho na dirisha, mkasi, gundi na taa moja ya mezani, kamati ikishakaa ikatazama, mwenyekiti anaandika kwenye karatasi ya njano toa busu, toa bunduki, toa yule anayemcheka askari, na mama anatoa, anaunga, watu wanakwenda kutazama filamu ambayo wapenzi wanasogeleana kisha ghafla wanakunywa chai. Na ni yeye binti aliyesimama kwenye mdahalo wa chuo mwaka wa pili akapiga meza, "Mkasi wao umeingia mpaka ndani ya macho yetu!" ukumbi ukalipuka, upande wa pili hawakupata hata pa kushika, na usiku ule mama alimpigia kumpongeza, akasema nimesikia umewanyamazisha, mwanangu, wala hakuuliza umesema nini... na aliyesemwa alikuwa yeye mama. Basi akaona afanye filamu, afanye haki, amsikilize. Na mama akakaa kwenye kochi na gauni lake la kazini, dakika arobaini na tano za "tulifuata utaratibu" na "hilo alikuwa anajua mwenyekiti," kavu kama mkate wa juzi, hakuna filamu hapo, hakuna hata tangazo la sabuni. Kisha zikaja zile dakika nne. Kwamba ilikuja filamu ya kijana mmoja, ya kwanza kwake, kamati ikaipitisha, karatasi ya njano ikashuka tupu, lakini mama alipokuwa anaikagua viungo akajiona. Yeye. Kituo cha treni, nyuma ya wahusika, mwanamke ameegemea bega la mwanaume, anacheka, na mwanaume yule si baba. Akachukua mkasi. Dakika mbili nzima, hakuagizwa na mtu. Kijana akaja mpaka dirisha la mapokezi kuuliza kosa lake, mama akamwambia ni amri ya kamati, kijana akasema ahsante, dada, akaenda zake na hakutengeneza filamu nyingine maisha yake yote.

Hizo dakika nne ndizo heshima yenyewe, bila hizo hapati hata wastani, anajua, na mwalimu anajua, tena mwalimu anajua zaidi, tazama mgongo ule, mabega yamepanda, mgongo wa mtu anayefanya biashara... "mlango wa nyuma, ndiyo, wasione," anasema, haya, kwisha, anaiuza, dakika nne za mama zinapitishwa mlango wa nyuma, ataamka siku moja azikute kwenye tamasha la watu wengine, na yeye binti aliyekwishajipanga kwa ukumbi wa maonyesho, kwa baba, baba aliyewaambia mpaka majirani kwamba atakaa kiti cha mbele kabisa, "hata kikiwa cha mkuu wa kitivo nitakikalia, atanitoa nani, binti ni wangu." Baba kiti cha mbele. Na kituo cha treni, na lile bega... alikuwa ameshalijibu hilo, alilijibu kama anavyojibu hoja, kwanza, ni miaka mingi, pili, baba ni mtu mzima, tatu, mama alisaini fomu ya ridhaa, sentensi ya nne inasema kila kitakachorekodiwa kitaweza kutumika, kila, neno kila halina mlango wa kutokea. Hoja tatu, muda umekwisha, mwenyekiti nashukuru. "...wewe fundi vipi," mwalimu ameinua sauti, "nimekwambia koki ya tanki ipo juu ya choo cha nyuma, wapangaji wasione maji yanakatwa, watanila nyama, fungua taratibu, ukivunja bomba unalijenga wewe!" Tanki. Tanki la maji, na fundi, na wapangaji, dakika nzima amekaa hapa anamjengea mzee wa watu gereza, na kosa lake ni choo.

Lakini swali lile aliuliza, tanki halikulifuta, na kama hajui kitu, kama hakufungua folda yoyote, basi ni swali la kawaida tu ambalo mtu yeyote akitazama uso ule angeuliza... akautazama. Mama hatazami kamera. Anatazama pembeni yake kidogo, kwenye kigoda alichokuwa amekaa yeye, anamtazama mwanawe. Kwa sababu kamera alidhani imelala. Ile taa nyekundu ya mbele, inayoonyesha kamera inarekodi, ilikuwa na kiraka cha utepe mweusi, wanafundishwa hivyo, taa inamshtua mtu, izibeni, kila mwanafunzi wa idara ana kiraka hicho, si dhambi. Ila mama alivua miwani, akajinyoosha, akauliza, "Umeshaizima?" na yeye hakusema ndiyo, angalau hakusema ndiyo, alinyoosha mkono akakifunga kile kioo cha kutazamia pembeni ya kamera, ambacho hakizimi chochote, tak, na mama, mtu aliyeishi na mashine miaka kumi na tisa, aliamini mlio. Akaanza kusimulia. Na huku chumba cha uhariri, mwezi wa pili, vipokea sauti masikioni, alilisikia swali, akausikia tak, akasogeza kipanya, akaziweka alama mbili na kuzitoa, sekunde nne, akaunga pale mama anapovua miwani na pale anapoanza, muungo safi, hata mwalimu aliusifu, "hapa umekata vizuri, sijaona mshono." Kwa nini alizitoa? Mdundo, alijiambia, zinachelewesha mdundo. Mdundo gani, we mwongo. Alizitoa kwa sababu yumo humo mwenyewe. Mkono wake umeonekana, kwenye kona ya kulia, vidole vitatu na pete ya shaba. Alijiona kwenye picha akachukua mkasi, hakuagizwa na mtu, hakukuwa na kamati wala karatasi ya njano, na kama mama angekuja mpaka dirishani kuuliza kosa lake angemjibu nini, angemjibu sentensi ya nne. Amemshuku mwalimu, ameishuku kamati, amewashuku wenyeviti wote wa dunia hii kwa maikrofoni, na siku zote hizo mwizi alikuwa anakunywa maji yake jukwaani, ametulia, anangoja zamu yake ya kuongea. Mwalimu bado anabishana na fundi, bado amempa mgongo, lakini mkono wake wa kulia umerudi mezani unapapasa, umepata kalamu, umeivuta fomu, anataka kumaliza mambo mawili kwa pamoja kama walimu wote, ncha imeshagusa karatasi, na swali lake hata halikumbuki tena, binti angenyamaza tu, sekunde mbili za kunyamaza na heshima ni yake.

Akasimama. Mwalimu akainua kiganja bila kugeuka, ngoja, naongea.

"Mwalimu," alisema, na haikuwa sauti yake ya jukwaani, "naomba usisaini."