Neno la Kabla ya Tonge

Ilikuwa siku ya pili Gloria hajatia tonge kinywani, na bibi yake, Justina, alikuwa ameishiwa mbinu. Ugali kampikia, wali kampikia, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa kamchemshia kwa karanga. Mtoto anaitazama sahani, anameza mate, mikono mapajani. Njaa anayo, kula hataki! Lipi la kumtisha bibi zaidi ya hilo?

Debora, binti wa Justina, aliolewa Guangzhou, China, akamleta mwanawe kijijini Nkololo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka mitano, hajui Kiswahili wala Kisukuma. Siku walipofika, ukoo mzima ulikula pamoja sebuleni na Gloria alikula vizuri tu. Kesho yake Debora akaenda Dodoma kufuatilia hati, na nyumba ikarudia mazoea yake: wanawake na watoto jikoni, Mzee Machibya, mumewe Justina, na wanaume wenzake uani.

"Mwambie sik, mama," Debora alisema kwenye simu. "Kwa Kikantoni ni kula." Mtandao ukakata.

Basi Justina akaimba sik kutwa. Sik, mjukuu wangu. Sik, nakuomba. Gloria akatikisa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Mchana ule akambeba ampeleke zahanati. Walipopita uani, wanaume walikuwa wanakula. Gloria akajinyonganyonga mpaka akateremka, akasimama wima mbele ya Machibya.

"Gung-gung, sik fan!" Akamgeukia Justina. "Popo, sik fan!" Ndivyo kwao babu na bibi wanavyoitwa, na Justina alishazoea kuitwa mnyama wa usiku. Kisha mtoto akachutama, akamega ugali wa babu yake, akala. Akamega tena.

"Ng'wana wane, mwanangu!" Justina alikaa chini vumbini, akacheka huku analia. Roho ilimtulia kwatu.

Debora alipopatikana, alieleza. Kwa kina baba yake Gloria, mdogo hagusi chakula kabla ya kumkaribisha kila mkubwa, akianza na babu. Sik fan, yaani karibu chakula, ni neno la mtoto kwa wakubwa. Ama kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza: siku mbili walikuwa wakimbembeleza mtoto akose adabu.

"Kumbe alikuwa ananingoja mimi?" Machibya aliuliza.

Jioni alibeba kigoda chake mwenyewe hadi jikoni, mahali ambapo hajawahi kula tangu aoe. Akanawa, akakaa karibu na mjukuu wake, akasubiri kukaribishwa.