Masjala Imekula Nusu

Karatasi ilibandikwa mlangoni Jumatatu asubuhi. Fundi wa mtandao alikuwa ameiandika kwa mkono wake, kwa herufi za kuonekana toka mbali: WANAOKULA INTANETI. Chini yake vyumba vilipangwa kama watoto walioshika nafasi darasani, na juu kabisa, namba moja, pameandikwa: MASJALA — IMEKULA NUSU.

Masjala ilikuwa na mtu mmoja tu. Miaka kumi na tisa alikuwa akitunza humo mafaili ya ofisi hiyo ya wapima ardhi, hata wote wakamwita Mama Mafaili, na jina alilopewa na wazazi likaota kutu. Alisimama mbele ya karatasi, mkoba kwapani, akaisoma mara mbili. Neno lile "kula" ndilo lililomkaba. Ofisini mtu akiambiwa amekula, hakuna anayefikiria chakula.

"Kumbe Mama Mafaili una tumbo!" mchora ramani alimrukia. "Sisi ramani moja tunaingoja mpaka chai inapoa, kumbe mwenzetu unajipakulia!"

"Cheka, mwanangu. Meno ni yako."

Lakini moyoni hakuwa na cheko. Kila siku saa nne, watu wakinywa chai, yeye huwasha simu akaonana na dada yake. Kuonana, maana dada ni kiziwi tangu utotoni, na maneno yao yote yako mikononi. Simu ya sauti ingewafaa nini? Ujumbe wa kuandika nao ni kazi bure, dada hakusoma. Kwa tumbo la mama yao walibaki wao wawili tu, na dada hupata simu ya mkwewe saa hiyo tu. Kuta za masjala ni nene. Simu humo haishiki ila intaneti ya ofisi.

Mkuu wa ofisi akamfuata mezani. "Mama, sina ugomvi na wewe. Ila hizi simu za picha zinakula mno, kazi hazisogei. Ijumaa nikikuta masjala bado iko juu, simu yako tunaifungia."

"Nimesikia, bosi."

Hakubishana. Aliwaza, labda ni kweli. Labda mikono inakula kuliko mdomo. Akaizima simu palepale, akaitia kwenye mtoto wa meza. Saa nne ilipofika alikunywa chai yake akitazama mafaili. Jumanne vilevile. Jumatano akajikuta vidole vinacheza vyenyewe juu ya meza, vinamwambia dada mambo ya mvua na ya magoti, wala hakuna wa kuviona.

Alhamisi, saa tatu imepita kidogo, fundi akabandika karatasi mpya. MASJALA — IMEKULA NUSU NA ZAIDI.

Mama Mafaili akaichukua simu, akaenda nayo mpaka kwa fundi, mtu mzima mwenye upara na haraka nyingi.

"Mwanangu, hebu iwashe."

Fundi akabonyeza, akabonyeza tena. "Betri imekufa hii, mama."

"Imezimwa tangu Jumatatu, wala sijaichaji. Sasa niambie, hiyo nusu na zaidi nimeila kwa kijiko gani?"

Fundi akakuna upara. "Basi kuna mtu anakuja kujificha kwako..."

"Usitafute watu. Masjala inakula saa ngapi?"

Hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Wote walitazama kiasi, wakati hakuna aliyeutazama. Fundi akageuza kioo cha kompyuta yake ili naye aone. Mstari ulitambaa chini tangu alfajiri, kisha saa tatu kamili ukapanda kama mlima, na bado ulikuwa huko huko juu. Jana hivyo hadi saa tano, juzi hivyo.

"Mimi na dada yangu ni saa nne, robo saa tu," alisema Mama Mafaili. "Twende."

Wakaenda masjala, mkuu wa ofisi nyuma yao. Fundi akatega sikio. Kitu kilikuwa kinanguruma nyuma ya rafu ya mwisho. Palikuwa na sanduku lililoletwa mwezi uliopita vyumba vilipohamishwa. Mama Mafaili alidhani ni bovu, maana kila kilichochoka ofisini huletwa masjala, akalifunika kitambaa lisishike vumbi. Fundi akakifunua. Taa ya kijani ikawakonyeza.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" mchora ramani alipiga kelele toka mlangoni.

"Lo! Ni kompyuta ya nakala," fundi alisema. "Ramani zote zinapita hapa kwenda kuhifadhiwa mbali, ofisi ikiungua zisipotee."

"Na nani aliiambia ifanye hivyo saa tatu asubuhi, watu wako kazini?" mkuu aliuliza.

Fundi akamgeukia. "Wewe uliniambia saa tisa, bosi. Saa tisa usiku, watu wamelala. Nami nikaiandikia tisa."

"Ndiyo. Sasa?"

"Sasa mashine haihesabu saa kama sisi. Tisa yake ni saa tatu yetu. Nilipaswa kuiandikia tatu."

Kicheko kikapasua masjala, na fundi mwenyewe kikamshika. Akainama, akaisimamisha kazi ile.

"Basi yamekwisha, mama," alisema mkuu.

"Hayajaisha, bosi. Mmenitangaza kwa karatasi. Nisafisheni kwa karatasi."

Fundi akaandika kwa kalamu ileile: MASJALA HAIKULA. NI MIMI FUNDI NILIYEKOSEA SAA. Mama Mafaili akaisoma mara mbili, akamwonyesha pa kuibandika.

Saa nne ilimkuta simu imechomekwa kwenye umeme. Dada akatokea, safi, hata mikunjo ya shingo ikionekana. Mama Mafaili akainua mikono aeleze. Dada akamkazia macho, kisha akayafumba.

Kwa kiziwi, hapo mlango umefungwa na komeo limetiwa. Siku tatu bila kuonana si jambo la kusamehewa kwa papara. Mama Mafaili hakukata simu. Aliiweka mikono yake tayari mbele ya kifua, akangoja, chai ikapoa, mpaka jicho moja la dada likafunguka kidogo kutazama kama bado yupo.