Sentensi Kumi Kuhusu Shule

Mwalimu Scovia hakutaka malipo, na hilo ndilo lililonitia shaka tangu mwanzo. Kila Jumamosi alasiri alikuja Nyakabanda, uani kwa Arnaud, kutufundisha Kiingereza sisi wawili tunaofanya kazi katika duka moja la vigae huko Remera. Tukimaliza, aliyakusanya madaftari yetu na kuondoka nayo.

"Bure iko wapi Kigali, muzee?" Arnaud alinitania. "Hata maji tunalipa. Huyu anakutafuta wewe."

Sikucheka. Nina desturi ya kuangalia jambo mara tatu kabla ya kulisema.

Wiki ya nne tulipewa zoezi la wakati uliopita: sentensi kumi kuhusu shule. Hapo kalamu yangu ilisita. Madamu Mukabalisa, mwenye duka, aliponiajiri nilimwambia nimemaliza sekondari Bujumbura. Ukweli ni kwamba niliacha mwaka wa nne. Yaliyobaki nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kamusi isiyo na jalada. Madamu akijua, sina kazi. Nikaandika kwamba nilimaliza.

Sentensi ya mwisho niliitunga makusudi, na sikumwambia mtu: kwamba mwalimu wetu wa hisabati alifuga bata, na mmoja alimfuata mpaka darasani. Kama daftari langu lilikuwa linasomwa kwingine, bata huyo angenijulisha.

Jumatano, nikiwa napanga maboksi, Madamu alisimama nyuma yangu.

"Silvère, ile bata yenu ilipita mtihani?"

Alicheka, halafu akageuka haraka na kuingia ofisini.

Siku mbili nilifanya kazi bila kuongea na Arnaud. Hata yeye sikuwa na hakika naye tena.

Jumamosi nilisubiri aende kuleta chai, nikamuuliza Scovia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, madaftari yetu yanasomwa na nani?"

Alifunga kalamu yake. "Madamu ndiye ananilipa. Hataki kukaa benchi moja na wafanyakazi wake. Namfundisha kwake, Rebero, kwa madaftari yenu. Yeye anatafuta makosa yenu, mimi natafuta yake."

"Ungetuambia."

"Aliniapisha. Ana aibu, Silvère. Tajiri mzima, kuuliza swali dogo kwa Kiingereza kunamtoa jasho." Alitazama mlangoni. "Na kuna jambo lingine. Anataka wewe upokee wageni wa Kampala na Dubai. Wiki ijayo atakuomba diploma ya sekondari."

Nilitaka kumkasirikia, lakini katika daftari lile sote watatu, mimi, yeye na Madamu, tulikuwa tumeficha kitu. Nikafungua ukurasa mpya, nikamwandikia Madamu kwa Kiingereza: Niliacha shule mwaka wa nne. Baba alikuwa ameugua. Nilikudanganya. Kila kitenzi nilikiangalia mara tatu, kwa sababu nilitaka Madamu asome nilichosema, si makosa yangu.

Scovia alisoma, uso wake ukabadilika. "Niende nalo?"

"Nenda nalo."

Jumatatu Madamu hakunisalimu.

"Umefanya nini, muzee?" Arnaud alinong'ona. "Leo Madamu iko na sura ya tribunali, kama jaji."

Saa tano Madamu aliniita ofisini, akafunga mlango mwenyewe. Daftari lilikuwa mezani. Midomo yake ilichezacheza bila sauti, nami nikadhani anatafuta namna ya kunifukuza. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno, kwa nini nilimdanganya. Hakukosea popote. Sikuwahi kumsikia akiongea lugha hiyo.

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba niliogopa.

Alitikisa kichwa, sikujua kama ni kwa kukubali au kukataa.

"Wageni wanafika Alhamisi," alisema, akirudi kwenye Kiswahili. "Vaa shati iko na kola. Na siku utanidanganya tena, hutapata nafasi ya kuandika."

Hakusema kama amenisamehe, nami sikuuliza. Jioni nilipita sokoni kutafuta shati.